Mwambie Mzee Nakuja

Kilole, Korogwe
20 Januari 2024

Mwalimu Raheli,

Shikamoo, dada. Tumsifu Yesu Kristo.

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Ule ukwaruzo wa koo niliokuwa nao tangu Noeli haujaisha, na daktari amenikataza kuongea kabisa, hata kunong'ona. Ujumbe wa simu nao najua kitochi chako huukata katikati. Basi tuandikiane kama watu wa zamani. Awadhi huja huku kila Jumamosi na fuso la mahindi. Atapita hapa kwa dada yangu Maryamu kuacha barua zako na kuchukua zangu. Sijui kama yuko padre mwingine ambaye tarishi wake ni Mwislamu wa swala tano, lakini mimi simwamini mtu kuliko yeye.

Wakati sipo, kanisa liko mikononi mwako. Wewe ni mlinzi wa kanisa, uliyechaguliwa na waumini kulisimamia, na ruhusa ya Baba Askofu ya kusoma na kupeleka Sakramenti kwa wagonjwa unayo. Ongoza Sala ya Asubuhi kila Jumapili kama kitabu cha sala kinavyosema. Mahubiri nimekuachia kwenye bahasha. Mzee Rehani akinung'unika kwamba mwanamke amesimama mbele, mwambie naye ni mlinzi wa kanisa kama wewe, kitabu hiki hapa, asome yeye. Najua hatasoma.

Kubwa ni Mzee Semboja. Kwenye kisanduku cha Sakramenti nimeacha mikate niliyoibariki Jumapili yangu ya mwisho. Mpelekee kipande kila wiki huko nyumbani kwa binti yake Hamisa. Mzee yule amekuwa katekista wetu miaka arobaini na mitatu. Mimi mwenyewe alinifundisha Baba Yetu nikiwa sijajua hata kufunga vifungo vya shati. Asikose.

Nitarudi kabla ya Jumatano ya Majivu.

Wako katika Kristo,
Padre Yordani Mhina


Kwedizinga
26 Januari 2024

Padre,

Milele, amina. Na marahaba, ingawa kupewa shikamoo na padre bado kunanitia aibu, hata kama nimekupita miaka kumi na moja.

Jumapili ilikwenda vizuri. Mzee Rehani alikaa nje juu ya yale matofali ya mnara ambao bado hatujaujenga, akaingia wimbo wa pili ulipoanza, akakaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri gari. Mahubiri yako niliyasoma yote. Nilipomaliza nilijisahau nikawaambia, "Haya, kaeni chini," na wote walikuwa wamekaa. Miaka thelathini na minne ya darasani haitoki mwilini kwa mara moja.

Mzee Semboja miguu imevimba, hawezi kusimama. Hamisa amemhamishia chumba cha mbele ili aone barabara. Nikifika na Sakramenti, Hamisa anatandika khanga safi juu ya kigoda, anazima redio, anatoka nje na kukaa uani mpaka nimalize. Sikumwomba. Tangu aolewe na Awadhi na kusilimu, hajawahi kuingia kanisani, lakini anajua kila kitu kinakwendaje. Ni binti wa katekista.

Mzee kila mara anauliza, "Yordani anarudi lini?" Nimechoka kumsahihisha aseme Padre.

Nije kukuona? Ni mwendo wa saa moja na ushei tu.

Raheli Mntambo


Kilole
9 Februari 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Majivu itabidi uwapake wewe. Daktari anataka vipimo zaidi, si jambo la kutisha, ila vinachukua muda. Choma matawi ya mwaka jana, yapo juu ya kabati la sakristia. Usichanganye maji mengi.

Usije, dada yangu. Nimekatazwa wageni, kwa sababu mgeni akija lazima nitaongea, unanijua. Jumapili ya tatu ya Kwaresima nitakuwa nimerudi.

Mwambie Mzee namkumbuka. Jana nilikumbuka alivyokuwa akitupeleka mitaa ya mbali kwa miguu, sisi watoto wa kwaya, yeye mbele na kengele mkononi, na tukichoka anatwambia Kanisa halina magurudumu. Nilicheka peke yangu, kimya kimya.

Padre Yordani


Kwedizinga
4 Machi 2024

Padre,

Tumsifu Yesu Kristo.

Jana ilikuwa Jumapili ya tatu ya Kwaresima. Nilitandika altare nguo nzuri. Tulikusubiri.

Sitaki kukusumbua katika ugonjwa, lakini lazima ujue hali ilivyo. Mzee Rehani anasema nje ya kanisa, tena kwa watu wengi, kwamba umepata parokia kubwa mjini na sisi umetuacha. Nimemwambia hapana. Ameniuliza, "Umemwona kwa macho yako?" Watu wanapungua. Wengine wameanza kusali kwenye lile kanisa jipya la maturubai kule barabarani, kwa sababu kule, wanasema, mchungaji yupo.

La pili ni zito zaidi. Jana nilimpa Mzee Semboja kipande cha mwisho. Kisanduku ni kitupu. Nimekifunga na ufunguo nimeuweka shingoni, sijui kwa nini, maana hakuna cha kulinda.

Mzee anadhoofika. Sasa hata uji anausukuma. Kitu anachokiulizia ni kimoja tu. Namba ya Padre wa Handeni mjini ninayo. Nimpigie aje kumkomunisha? Hata kesho angefika. Nijibu haraka.

Raheli


Kilole
15 Machi 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa.

Usimpigie Padre wa Handeni. Nakuomba kama padre wako, na kama mdogo wako. Akija yeye, habari itamfikia Baba Askofu kabla sijamweleza mwenyewe, na itaonekana nimeitelekeza parokia. Hata huko ninyi mnaanza kusema hivyo.

Nipe siku tisa. Jumapili ya Matawi nitakuwa kwenu, nitabariki mikate, na wa kwanza kula atakuwa Mzee, hata kabla yangu mimi. Mwambie Mzee nakuja. Mwambie hivyo hivyo: Yordani anakuja.

Padre Yordani


Kwedizinga
26 Machi 2024

Padre,

Mzee Mathias Semboja alifariki jana Jumatatu saa saba mchana, nyumbani kwa bintiye. Tumemzika leo. Nimemzika mimi, kwa kitabu. Mzee Rehani alishika msalaba. Kaburi walichimba vijana wa ukoo wa Awadhi, wakiwa wamefunga, juani, na hawakukubali kupokezana na watu wetu.

Alikomunika Jumapili mchana.

Raheli Mntambo
Mlinzi wa Kanisa


Kilole
5 Aprili 2024

Dada Raheli,

Barua yako ilinikuta nimesimama, nikakaa.

Mzee wangu. Baba yangu. Sikuweza kuja Jumapili ile, na sababu nitakueleza tukionana. Nililia hadi Maryamu akaja kunishika mabega.

Lakini kuna mstari mmoja katika barua yako ambao nausoma kila asubuhi: alikomunika Jumapili. Uliniandikia kisanduku ni kitupu, kwa hiyo nimeelewa. Ulimpigia Padre wa Handeni. Hukunitii, na umefanya vema, na sikuulizi zaidi. Kama Baba Askofu amekwisha kujua, na ajue. Nilikufunga mikono kwa ajili ya heshima yangu, na wewe ulikuwa na akili ya kuzifungua kamba. Asante, dada yangu. Asante kwa kutonitii. Ni kitu pekee kinachonipa usingizi.

Pentekoste, Mungu akipenda, nitakuja.

Yordani


Kwedizinga
12 Aprili 2024

Padre,

Unanishukuru kwa kutokutii. Nilikutii.

Naandika hili mara ya tatu, mbili nimechana. Jumapili ya Matawi tulikusubiri mpaka saa tano. Watu walikuwa wameshika makuti, yakawanyaukia mikononi. Niliposema tuanze, Mzee Rehani alisema kwa sauti, "Si niliwaambia?" Baada ya sala nilikaa sakristia na simu mkononi. Namba ilikuwa pale juu ya kioo, kidole kubonyeza tu. Nikakumbuka ulivyoandika, kama padre wako na kama mdogo wako, nikaizima.

Hamisa akaja. Alisimama nje ya mlango wa sakristia, hakuvuka kizingiti.

"Mwalimu," akasema, "baba hajala tangu juzi. Anasema hatatia kitu kinywani mpaka ale kile chenu kwanza. Mpe kitu chake, jamani. Mpe tu."

Nikamwambia tangulia, nakuja.

Kwenye rafu lipo lile kopo la mikate ambayo haijabarikiwa. Unajua nitakachosema. Nilitoa mmoja, nikauweka kwenye kisahani cha siku zote, nikaufunika kwa kitambaa cha siku zote, nikatembea nao njia ile ile. Watu walinipisha. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba.

Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito, anatazama barabara. "Yordani amefika?" akauliza.

Nikasema, "Amefika, Mzee."

"Kaubariki leo?"

"Leo asubuhi."

Akafungua kinywa kama mtoto. Nikasema maneno yote, Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, sikuacha hata moja. Akaitikia "Amina" kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Nilidhani basi, nimempa amani, na hukumu nitaibeba mwenyewe.

Lakini uongo hauishii pale unapotaka wewe uishie. Kama umefika, mbona hukuja kumsalimu? Aliniuliza hivyo hivyo. Nikasema umechoka na safari, uko nyumbani kwako, umelala. Jioni nilipita tena. Alikuwa bado anatazama njia ya kanisani.

"Bado tu?"

"Bado, Mzee."

Akageuzia uso ukutani. Akasema, "Nimemkosea nini Yordani?"

Nilimfunika miguu nikaondoka, na kesho yake akafa. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Nilimlisha mkate mtupu, kisha nikamfanya afe akidhani mtoto aliyemlea amemnunia.

Na sasa habari nyingine. Jumamosi Awadhi alipoleta barua yako hakunitazama usoni. Nikamuuliza kama safari hii amekuona. Akasema, "Mwalimu, nimefunga. Usiniulize kitu nikaharibu saumu yangu kwa uongo." Nikamwambia, basi sema kweli. Akakaa kwenye ngazi yangu akaniambia kwamba Maryamu alikuwa ametoka, mlango ulifungua wewe. Shingoni una kitambaa, na chini ya kitambaa kuna tundu, na pumzi inatokea humo, siyo puani. Na kwamba ulichukua daftari ukamwandikia: Usimwambie Raheli.

Kwa nini usimwambie Raheli? Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu unakuja.

R. M.


Kilole
20 Aprili 2024

Dada Raheli,

Shikamoo. Sijui kama bado utaiitikia.

Nitaandika yote, na ukiona mahali nimejipendelea, pitia wino mwekundu kama ulivyokuwa ukifanya shuleni.

Ni kansa ya koo. Niliambiwa tarehe 11 Desemba. Misa ya Noeli niliyowaimbia nilikuwa najua. Mwishoni mwa Februari nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, wakaondoa kile kinachotoa sauti chote. Sitaongea tena. Barua yako ya Machi Maryamu aliniletea Dar kwa basi, na jibu nililiandika kitandani, na juu yake nikaandika "Kilole". Siku tisa nilizokuomba, daktari hakuwa amenipa hata moja. Nilizitunga. Nilisema moyoni, labda nitaweza kusimama, labda kitambaa kitaficha, labda nitatembeza midomo na ninyi mtaitikia kwa mazoea. Raheli, mtu mzima na akili zake aliwaza hivyo.

Kwa nini nisikwambie? Kwa sababu padre asiye na sauti habariki mkate. Hapandi mimbarini. Haimbi, hafundishi, hatamki ondoleo la dhambi. Baba Askofu angejua, angeleta mwingine, na hiyo ingekuwa haki. Nilitaka niendelee kuitwa Padre wa Kwedizinga, hata iwe kwenye karatasi tu. Wewe ndiye uliyekuwa unaniita hivyo kila wiki. Ningekwambia, ungeacha kunisubiri. Nilipenda kusubiriwa. Hiyo ndiyo kweli, na ni ndogo na ya aibu, na kwa ajili yake Mzee Semboja amekufa na njaa ya kitu ambacho kilikuwa umbali wa simu moja.

Ulichomwambia Mzee, kwamba nimefika, ni maneno yangu. Mimi ndiye niliyekuagiza umwambie. Sikufutii kosa lako, huwezi kukubali nikufutie, nakujua. Lakini lijue limeanzia wapi.

Umeniungamia kwa barua. Kanisa haliondoi dhambi kwa barua, na maneno yenyewe siwezi kuyatamka tena. Nenda kwa Padre wa Handeni mjini. Mweleze yote, na sehemu yangu usiipunguze. Leo nimemwandikia Baba Askofu na kurudisha parokia.

Ugonjwa umeshuka mapafuni. Daktari ametaja miezi. Hakutaja mingapi, na Maryamu hakumwuliza.

Siwezi kuja Pentekoste. Mwili ungeweza. Ni uso ndio sina.

Yordani


Kwedizinga
11 Mei 2024

Padre,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako wiki tatu bila kuijibu. Siku za kwanza nilikuwa na hasira, zilizofuata nilikuwa nalia, na mvua zilikuwa zimekata njia ya Handeni, nikawa na kisingizio. Maji yalipopungua nikaenda.

Padre wa Handeni mjini alinisikiliza mpaka mwisho, akaniondolea dhambi. Nikatoka kwenye ungamo, nikamkuta nje anavaa mabuti, nikamweleza yote upya kwa hiari yangu, maana ya ungamo hawezi kuyatoa, ili amfikishie Baba Askofu. Sikutaka kusimama mbele ya watu na kitu nimekificha kifuani, tumeona kinavyozaa. Jibu lilikuja Jumatano ya wiki iliyopita. Kwako Baba Askofu anasema ataandika mwenyewe, na hakusema vibaya. Mimi, hadi mwaka uishe, nisiguse vyombo vya Sakramenti wala nisisimame kusoma kanisani. Padre wa Handeni atakuja mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine anaongoza Mzee Rehani.

Nilitegemea atafurahi. Ijumaa yake alikuja nyumbani na kitabu chini ya kwapa, akakaa muda mrefu anazungumzia mbuzi. Mwishoni akafungua ukurasa, akaweka kidole: "Mwalimu, hili neno linasomwaje?" Nimegundua mzee wa watu kusoma kwake ni kwa kubahatisha, na hiyo miaka yote kelele zilikuwa za kuficha hilo. Tunafanya mazoezi kila Ijumaa. Jumapili mimi nakaa benchi la nyuma, na akikwama wote wanageuka kunitazama, nami naangalia sakafu.

Sasa lile ninalotaka ulisome pole pole.

Nilikwenda kwa Hamisa. Nilisema lazima ajue baba yake alilishwa nini, na kwamba hukuwepo. Alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta.

"Ya mkate sikuijua," akasema. "Ya Padre niliijua."

Jumatatu ile asubuhi, baba yake alimsumbua sana. Kamwite Yordani, kamwite. Akaenda hadi nyumbani kwako. Akakuta kufuli, na juu ya kufuli nyigu wamejenga. Akasimama pale. Akarudi. Mzee akamuuliza, "Umemkuta?"

Hamisa akamwambia, "Nimemkuta amelala, baba. Anaumwa. Nimeshindwa kumwamsha."

Mzee akasema, "Mwache. Yordani tangu mdogo akiumwa alikuwa analala sana. Asiamshwe." Akaomba uji. Akanywa vijiko viwili, Padre, yeye aliyekuwa hajaonja chakula siku tatu. Saa saba Hamisa alimkuta amekwisha.

Nikamuuliza Hamisa kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuwa nimefunga nilipomdanganya, mwalimu. Nimeilipa siku ile baada ya Idi. Hakuna aliyeniambia niilipe." Akaendelea kupepeta. Nilikaa chini nikamsaidia.

Kwa hiyo hakufa anadhani umemnunia. Alikufa anadhani uko karibu na umelala. Sijui kama habari hii inakupunguzia au inakuongezea. Mimi imenifanyia yote mawili.

Unasema uso huna. Mimi nami huu wangu naukalisha benchi la nyuma kila Jumapili na watu wote wanaujua. Benchi ni refu. Njoo ukae. Hakuna atakayekuomba useme.

Raheli


Kilole
18 Mei 2024

Dada Raheli,

Shikamoo.

Nakuja. Safari hii usimwambie mtu yeyote, kwa sababu neno hilo kwangu limekwisha thamani. Watu waniamini wakiniona. Jumamosi ijayo nitapanda fuso na Awadhi akirudi. Maryamu ameniandikia kwenye daftari, kana kwamba nami ni kiziwi, kwamba safari itaniua. Nimemjibu kwamba ugonjwa utaniua, safari itanichosha tu. Amecheka, halafu ametoka nje.

Kanisani nitakuja Jumapili, nikae ulikosema. Lakini Jumamosi nikifika, nipelekeni makaburini kwanza. Mwombe Hamisa awepo, kama ataweza kunivumilia.

Nimeandika nusu ukurasa wa kumwambia Mzee. Imenichukua siku nne, na bado haisemi nilichotaka. Nimejaribu kuusoma kwa midomo, inatoka pumzi tu. Kanisani umekatazwa kusoma. Makaburini hakuna aliyekukataza. Utanisomea?

Yordani